Gari Likiwa Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Leo gari limepanda mlima na Mama akiwa ndani, bila kuzimika hata mara moja.

Nimeiandika sentensi hiyo kwanza ili isije ikapotea katikati ya mashaka yangu mengine. Tangu Mama alipopata kiharusi, miezi minane sasa, gari letu dogo lilikuwa likifika nusu ya mlima na kuishiwa pumzi. Mimi hushuka, nikatoa kiti cha magurudumu kupunguza uzito, na majirani wakasukuma. Mama alikuwa akifumba macho, si kwa hofu bali kwa aibu. Basi mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye mtaa mzima humwita Injinia ingawa chuo alikiacha mwaka wa pili, aliing'oa injini ya asili na kufunga ya gari kubwa zaidi, aliyoinunua kutoka kwenye gari lililoharibika. Kazi hiyo ameifanya uani kwa wiki sita. Sikuamini kwamba angeimaliza. Ni haki niliandike hilo pia.

"Kabuzi kenu kameota pembe," alisema Mama tulipofika juu.

"Si pembe, Mama, ni mapafu," mdogo wangu akamjibu.

Kupanda, basi, kumepata ufumbuzi. Kinachonikosesha utulivu ni kushuka.

Jumanne, 4 Machi

Mama huenda hospitali kwa mazoezi kila Jumanne na Ijumaa. Mtaalamu wa viungo amesema mkono wa kulia utarudi iwapo hatutaruka siku. Mama alikuwa mshonaji kwa miaka thelathini na minne, na jambo moja analolitaka duniani ni kushika mkasi tena.

Mteremko wetu una urefu wa kilometa tatu hivi na kona tano. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni genge. Kona ya nne, inayopita mbele ya kiwanja cha mchonga mawe, ndiyo kali kuliko zote. Mdogo wangu aliendesha, mimi kando yake, Mama nyuma peke yake kwa kuwa mguu wake hauna budi kunyooshwa kwenye kiti kizima. Kiti cha magurudumu kilikuwa kwenye buti. Tulipofika kona ya tatu nilisikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kwenye kona ya nne mdogo wangu alikanyaga breki, nikaona goti lake likishuka kuliko nilivyolizoea. Akakanyaga tena mara tatu, upesi upesi. Gari likapunguza mwendo shingo upande.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, dada."

"Injinia," Mama akasema kutoka nyuma, "ukisema hakuna kitu kwa sauti hiyo, mimi naanza kutubu."

Tulipofika chini, magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi mwembamba. Mdogo wangu alichuchumaa kando yake akaniambia bila kunitazama kwamba injini sasa ni ya gari kubwa, uzito umeongezeka, mwendo umeongezeka, lakini breki ni zile zile za gari dogo. Zikishapata joto, hazishiki.

"Hukulifikiria hilo mapema?"

"Nilikuwa nafikiria kupanda tu."

Sikuweza kuamua kama lile lilikuwa ungamo au kisingizio. Nilichoamua ni kwamba mtu anayefikiria upande mmoja tu wa mlima si mtu wa kukabidhiwa mama mzazi.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa breki tuliyempata amesifiwa kwangu na watu watatu wasiofahamiana, jambo ambalo kwa mwalimu wa takwimu lina uzito fulani. Wanamwita Fundi Bado, kwa sababu ukimuuliza kama gari liko tayari, jibu lake ni hilo moja. Gereji yake ni banda la mabati lenye sakafu iliyofagiwa, na spana zimetundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, kila moja juu ya kivuli chake kilichochorwa kwa rangi. Aliingia chini ya gari akakaa humo muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

Alipotoka alisema: mbele tufunge diski kubwa na pedi mpya, tubadilishe mafuta ya breki yote, kisha tuone.

"Na nyuma?" nikauliza. Nyuma gari hili lina breki za dramu, za kizamani.

"Nyuma tuache kwanza."

"Fundi, kama ni usalama, tufanye magurudumu yote manne. Sitaki nusu ya usalama."

Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nyuma ina tabia zake, Mwalimu."

Mafundi hupenda kuzungumzia magari kama mtu azungumziaye wakwe. Nilisisitiza. Mdogo wangu anajua yalipo mabaki ya lile gari kubwa lililotupatia injini, na diski zake za nyuma bado ni nzima. Tukakubaliana. Au, niwe mkweli zaidi: mimi nilikubali, wao wakanyamaza.

Jumamosi, 8 Machi

Bado. Mama jana hakwenda mazoezi. Magari ya kukodi hayataki kupanda barabara yetu.

Jumatatu, 10 Machi

Bado.

Jumatano, 12 Machi

Bado. Diski zimefungwa mbele na nyuma. Nimeziona zikimetameta ndani ya magurudumu kama sahani mpya. Kinachosubiriwa sasa ni vali, kifaa kidogo cha kupunguza nguvu ya breki inayokwenda nyuma. Fundi Bado anaitafuta kwa wauza spea wa mtumba, na hajaipata ya saizi anayoitaka. Nilimuuliza kama gari linaweza kwenda bila kifaa hicho. Alifikiri muda ambao ungemtosha mtu mwingine kunywa chai.

"Kwenda litakwenda."

Jana tena Mama hakwenda. Nilipomkanda mkono leo asubuhi, vidole vilikuwa vimekunjamana kuliko wiki iliyopita. Au nilidhani hivyo. Sikuwa nimevipima wiki iliyopita.

Jumapili, 16 Machi

Siku ndefu, na nadhani yenye mafanikio.

Nilimwomba Fundi Bado alete gari kwenye maegesho ya chuo chetu, ambayo Jumapili huwa matupu. Nilikwenda na futi ya mkanda, chaki na daftari. Kabla gari halijaingia gereji nilikuwa nimelipima hapo hapo: kutoka mwendo wa kilometa arobaini kwa saa hadi kusimama kabisa, wastani wa mita kumi na nne na nusu. Leo nilitaka kujua faida ya kazi yote hii, na nilitaka kuijua katika hali halisi. Kwa hiyo nilikuwa nimejaza mchanga mifuko miwili na kuipima kwenye mizani ya stoo: mmoja kilo sitini na nane, sawa na Mama, tuliouweka kwenye kiti cha nyuma, wa pili kilo kumi na saba, sawa na kiti cha magurudumu, tuliouweka kwenye buti. Mdogo wangu aliufunga mfuko mkubwa mkanda na kuuamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Endesha," nikamwambia.

Tulirudia mara kumi na tisa. Wastani: mita tisa na sentimeta ishirini. Nilirudia hesabu kwa sababu sikuamini. Gari lilikuwa likisimama kama limeshikwa kola.

Mdogo wangu aliruka ruka kama mtoto. Fundi Bado hakuruka. Alikuwa amechutama akitazama magurudumu ya nyuma kila gari liliposimama.

"Na siku Mama hayumo?" akauliza.

"Siku Mama hayumo, gari ni jepesi zaidi," nikamjibu. "Jepesi husimama kirahisi kuliko zito. Nimelipima likiwa na mzigo kwa makusudi, Fundi. Ukishaliweza lililo gumu, lililo rahisi halina swali."

Alinitazama, kisha akautazama mfuko wa mchanga. "Niachieni wiki moja zaidi. Vali itapatikana. Kisha tulijaribu likiwa tupu, kwenye maji."

Mama ameshakosa mazoezi mara tatu. Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima tangu asubuhi. Nilimwonyesha Fundi daftari, nikamwambia kwamba namba hazina papara wala uvivu, zinasema zinachosema. Sasa ninapoandika naona maneno hayo yalikuwa na kiburi kidogo, ingawa sioni kosa ndani yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelichukua gari. Fundi Bado alinikabidhi funguo kwa mikono miwili na kusema, "Ikipatikana nitawaita." Nilimshukuru. Ninashuku kwamba baadhi ya watu huogopa kumaliza kazi kwa sababu kazi iliyomalizika ndiyo inayoweza kulaumiwa.

Jumanne, 18 Machi

Tumeshuka. Hakuna harufu. Pedeli ngumu kama jiwe. Mama alilala njiani.

Ijumaa, 21 Machi

Vizuri tena. Mtaalamu wa viungo amemfungua vidole viwili.

Jumatano, 26 Machi

Mdogo wangu anasema gari likiwa tupu linatikisa mkia akikanyaga breki kwa nguvu. Ndiye anayemshusha Mama asubuhi, akarudi juu peke yake, akashuka tena peke yake kumfuata adhuhuri. Hizo ndizo safari anazozisemea. Nilimwambia apunguze mwendo. Alicheka, akasema "Sawa, Mwalimu," kwa namna ninayoifahamu.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ya kwanza. Nilikuwa darasani, nikapoteza mstari wa hesabu ubaoni mara mbili, nikisikiliza bati. Walifika salama. Mama amegusanisha kidole gumba na cha shahada.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua kutwa. Niliomba ruhusa nikashuka nao. Barabara ilikuwa ikitiririka, lakini gari lilisimama sawasawa kila kona, na Mama alipiga domo tangu nyumbani hadi mlango wa hospitali. Nilijilaumu kwa wasiwasi wangu. Nimeandika kwenye daftari: mashaka bila ushahidi ni tabia tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu mikono yangu haina utaratibu.

Asubuhi mdogo wangu alimshusha Mama, mvua ikinyesha kiasi. Akarudi nyumbani. Saa sita kasoro alishuka tena, peke yake, kumfuata. Saa sita na dakika kumi mchonga mawe alinipigia simu. Aliniambia: "Dada, kwanza yuko hai," na nikamshukuru Mungu kwa ajili ya watu wajuao kupanga sentensi.

Kwenye kona ya nne gari lilizunguka. Mchonga mawe aliliona: pua ilikuwa ikitazama chini kama kawaida, ghafla mkia ukaipita pua, gari likashuka kinyumenyume mita kadhaa na kulipiga rundo la mawe yake kwa nyuma. Hayo mawe yapo upande wa genge. Yasingekuwepo, ningekuwa naandika habari nyingine, au nisingeandika.

Nilimkuta ameketi juu ya jiwe lililochongwa nusu, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, uso umempauka. Mfupa wa mtulinga umevunjika. Jambo la kwanza aliloniambia: "Nani atamfuata Mama?"

"Ulikuwa mwendo gani?" Hilo ndilo jambo la kwanza mimi nililomwambia. Naliandika kama lilivyokuwa.

"Arobaini. Labda chini kidogo."

"Arobaini, kwenye kona hii?"

"Nilikanyaga breki kabla ya kona, dada. Kabla."

Alinisoma usoni, akainamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Labda nilikuwa nakwenda zaidi. Sikutazama."

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemweleza Mama. Aliniuliza sababu, nami nikasema: mwendo. Nilisema "nadhani", lakini nadhani ya mtoto mkubwa, msomi wa nyumba, hupokewa kama hukumu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mdogo wangu amerudi kutoka hospitali, mkono kwenye kombeo. Alikuja kumsalimia Mama sebuleni. Mama hakumwitikia salamu. Alimwacha asimame.

"Wewe una roho ya kuua," akamwambia hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo. "Ningekuwa nyuma siku ile ungenizika. Usinisogelee tena na funguo za gari."

"Mama..."

"Nenda chumbani kwako."

Alikwenda. Chumba chake ni kile cha ng'ambo ya ua. Hakujitetea hata neno moja, naye ni mtu ambaye hujitetea hata akikutwa na kijiko kwenye sukari. Jambo hilo lilinisumbua jioni nzima, nami sikuweza kusema kwa nini.

Jumanne, 8 Aprili

Gari linatembea; limebonyea nyuma na kuvunjika taa tu. Nilijitolea kuendesha mimi. Mama amekataa kuingia. "Hilo gari lina mikono yake," amesema.

Jumatano, 9 Aprili

Fundi Bado alikuja nyumbani bila kuitwa. Hakuketi. Alizunguka gari mara mbili, akapapasa matairi ya nyuma, kisha akaniuliza swali moja.

"Siku hiyo nyuma kulikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu. Alikuwa peke yake."

"Ndiyo," akasema. Akaaga.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimelifungua daftari la vipimo. Safu ya kwanza: namba ya jaribio. Ya pili: mwendo. Ya tatu: umbali. Ya nne: mzigo. Katika safu ya nne, mara kumi na tisa, kwa mwandiko wangu mzuri: mifuko miwili, mifuko miwili, mifuko miwili.

Nimewafundisha vijana miaka kumi na mmoja kwamba sampuli isiyo na tofauti haiwezi kukuambia chochote kuhusu tofauti. Leo sikuweza kuingia darasani.

Ninajaribu kufikiri polepole. Breki za nyuma tulizofunga ni za gari ambalo nyuma yake ni nzito. Gari letu nyuma ni jepesi, isipokuwa Mama akiwemo. Akiwemo, uzito wake unayakandamiza magurudumu chini nayo yanashika barabara. Asipokuwemo, magurudumu hayana kinachoyakandamiza; breki inayafunga kabla ya yale ya mbele, yanateleza, na mkia unatafuta njia yake wenyewe. Juu ya maji, zaidi. Gari jepesi husimama kirahisi kuliko zito: hilo nililisema mimi, mbele ya mashahidi wawili, kwa sauti ya darasani. Na sikuwa nimelijaribu hata mara moja.

Lakini inawezekana pia kwamba alikuwa na mwendo mkali. Ninaona jinsi ninavyolitamani jambo hilo liwe kweli, na ndiyo maana siliamini.

Jumapili, 13 Aprili

Tumejaribu. Nilimpigia Fundi Bado nikamwambia tu, "Tupu, kwenye maji." Hakuniuliza ninamaanisha nini.

Maegesho ya chuo, mvua ya manyunyu, hakuna mtu. Nilisema niendeshe mimi. Alikaa kando yangu, akafunga mkanda, akaweka viganja juu ya magoti. Nilianza na thelathini, si arobaini. Thelathini ni mwendo wa mtu aendaye dukani. Nikakanyaga.

Sikuhisi breki kali. Nilihisi gari likinitoka chini ya makalio, kama zulia linalovutwa. Mti uliokuwa mbele yangu ukaenda kushoto, jengo la maktaba likapita kwenye kioo ambamo halikupaswa kupita, na tuliposimama tulikuwa tukitazama tulikotoka.

Wipa za kioo ziliendelea kwenda na kurudi.

"Thelathini," nikasema.

"Thelathini," akakubali.

"Ungeniambia, Fundi."

Alifikiri. Sikumharakisha safari hii. "Nilikuuliza, Mwalimu. Ungekuwa fundi mwenzangu ningekubishia. Ulikuja na daftari, nikaona haya kubishana na daftari. Hilo ni kosa langu, si lako."

Nilitaka kumwachia kosa hilo alilonipokonya. Ingenipunguzia mzigo. Lakini yeye aliomba wiki moja, na mimi nilimnyima.

Jumatatu, 14 Aprili

Sijasema. Mama alikuwa na wageni.

Jumanne, 15 Aprili

Sijasema. Leo hakukuwa na mgeni yeyote. Vidole vya Mama vimerudi kukunja ngumi.

Jumatano, 16 Aprili

Nilianza na mdogo wangu, asubuhi, kwa kuwa ndiye niliyemkosea zaidi. Alikuwa ameketi kitandani akijaribu kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Nilipiga magoti nikazifunga huku nikisema. Ilikuwa rahisi zaidi kuviambia viatu. Nilimweleza mifuko ya mchanga, maegesho, thelathini.

Aliurudisha mguu chini ya kitanda.

"Nilikwambia linatikisa mkia."

"Uliniambia."

"Ukaniangalia kama nimelewa."

"Nilikuangalia hivyo."

"Siku kumi na mbili, dada, mimi nalala najiuliza nilikanyaga mafuta badala ya breki au nini. Nikaanza hata kukumbuka kwamba nilikuwa kwenye sitini. Naiona kabisa kwenye dashibodi. Sitini." Alicheka bila furaha. "Andika hilo kwenye daftari lako."

Nimeliandika.

Kwa Mama nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mvua ikipiga kioo.

"Mama, nimekosea jambo."

"Chumvi? Nimeiona."

"Si chumvi. Ajali ile. Haikuwa mwendo."

Nilimweleza kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, na kila nilipotaka kuongeza "huenda" au "kwa kiasi fulani" niliyaacha yapite. Nilimwambia kwamba breki za nyuma nilizilazimisha mimi, kwamba fundi aliomba muda nikamkatalia. "Nilijaza mfuko kwa uzito wako, Mama. Gari lilipimwa kwa ajili yako. Kwa ajili yake halikupimwa. Siku ile ungekuwemo, lisingezunguka."

Alitazama nje. Mkono wake mzima uliushika ule mgonjwa.

"Kwa hiyo alikuwa anakwenda polepole?"

"Arobaini, au chini yake. Kama alivyosema."

"Na mimi nikamwambia..." Hakuimaliza. Alipumua kwa pua, mara mbili. Kisha akasema, "Nipe fimbo."

"Nilete kiti, mvua inanyesha..."

"Nimesema fimbo."

Mama hajapata kutembea zaidi ya hatua kumi na mbili tangu augue, na hizo kati ya vyuma viwili vya hospitali. Nilimfuata nyuma na mwavuli. Kwenye kizingiti aligeuka akanitazama kwa jicho ambalo lilinirudisha darasa la pili, nami nikabaki hapo. Alivuka ua peke yake, mguu wa kulia ukiburuta mstari kwenye tope. Sikuhesabu hatua. Nilikuwa nimeushika mlango kwa nguvu kiasi kwamba bawaba ililia.

Aligonga kwa fimbo.

"Nani?"

"Mama yako."

"Mama? Umekujaje?"

"Kwa miguu. Fungua, mwanangu, kabla sijaanguka, huyu dada yako atatuandika wote wawili."

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Sijui walichozungumza, na nimejizuia kuuliza. Walikaa humo hadi mvua ilipokatika.

Ijumaa, 25 Aprili

Vali imepatikana. Ni kitu kidogo cha shaba, hakijai kiganja. Fundi Bado aliifunga, tukaenda tena maegesho, tukasubiri mvua kama watu wengine wasubirivyo jua. Tupu: mara kumi na mbili. Na Mama wa mchanga: mara kumi na mbili. Likiwa tupu, husimama kwa umbali mrefu kidogo kuliko zile mita tisa za kwanza, karibu mita mbili zaidi, nami zamani ningeita hilo hasara. Pua inainama, mkia unafuata. Fundi Bado alitoka, akachutama, akatazama, akatembea kidogo, akarudi kuchutama.

"Tayari?" nikamuuliza.

"Ongeza mbili ukiwa umegeuza usukani kidogo."

Tukaongeza nne.

Jumanne, 29 Aprili

Leo Mama amerudi kwenye mazoezi. Niliendesha mimi, kwa kuwa mfupa wa mdogo wangu haujaunga. Alikaa kando yangu. Kushuka na Mama hakukunipa shida, nilijua hakutanipa. Tulimwacha hospitalini, tukarudi nyumbani, tukanywa chai bila kuzungumza, na kabla ya saa sita mvua ikaanza.

"Baki," nikamwambia. "Nitamfuata mwenyewe."

"Nakuja."

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma hapakuwa na mtu wala kitu, na uwazi ule nilikuwa nikiusikia mgongoni kama mlango uliosahauliwa wazi. Kabla ya kona ya nne niliona mkono wake wa kushoto, ulio mzima, ukienda kukishika kiti. Mchonga mawe alikuwa ameacha nyundo na kusimama wima. Nikakanyaga, kwa nguvu, kwa makusudi, mahali pale pale.

Gari liliinamisha pua. Likapungua, likapungua, likabaki katika njia yake. Tukaingia kona kama watu wa kawaida.

Nilisikia mkono ukikiachia kiti.

"Dada," akasema tulipofika kona ya tano, "unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimekubeba wewe."

Alifungua kioo inchi moja, mvua ikamrushia usoni, naye hakukifunga.

Mama alikuwa ameshatolewa nje, ameketi kwenye kiti chake chini ya kibaraza, anatutafuta kwa macho kati ya magari. Tuliposimama mbele yake aliutazama usukani, akanitazama mimi, akatazama saa ya ukutani ndani ya mlango. Kisha akainama kuelekea dirisha la upande wa pili.

"Mkono huo utapona lini?" akamuuliza mdogo wangu.

"Wiki tatu, Mama."

"Ukipona, endesha wewe. Huyu atanichelewesha."